Fungu la Mpiga Msasa

Watu wa Wamunyu wakitaka kumsifu Ndeti wangu husema alikuwa na mkono. Ni kweli, mkono alikuwa nao. Lakini mimi Nthambi, niliyelala naye miaka kumi na sita, nawaambia alikuwa pia mkaidi, mcheshi kupita kiasi, na mtu wa kugawa hata kitu kisichogawika. Nikimsema vibaya mnisamehe. Namsema hivi kwa sababu namtaka arudi tugombane.

Yeye alichonga, mimi nikapiga msasa. Wanaume wa banda letu walikaa upande mmoja, tezo mkononi, vibanzi vya jakaranda vikiwarukia hadi kwenye nywele. Sisi wanawake tulikaa upande wa pili na rundo la twiga na viboko ambao bado hawakuwa na sura, tukiwasugua mpaka ngozi ya vidole inaisha, halafu tunawapaka rangi ya viatu wang'ae. Kazi ya msasa ni kufuta. Kila alama ya kisu aliyoacha Ndeti, mimi niliifuta, hata mnunuzi asijue kwamba pale palipita mkono wa mtu. Wakati huo sikuwaza lolote. Mwenye mkono yuko, kesho ataacha alama nyingine.

Na banda letu lilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: oda haili mtu mmoja. Mnunuzi akitaka twiga mia mbili, hata kama amemtaja Ndeti kwa jina, mbao zinawekwa chini katikati ya banda na kugawanywa mafungu. Kila mchongaji anaweka kitu chake juu ya fungu lake, huyu kofia, yule mkanda, ili pasiwe na ugomvi. Fungu la mwisho linachongwa na wote, na malipo yake ni ya mpiga msasa, maana bila yeye twiga ni kuni tu. Hilo huwekewa juu kipande cha msasa uliochakaa. Mgeni akiingia bandani akaona kipande cha msasa juu ya mbao, alidhani ni takataka. Sisi tulijua kwamba pale kuna mtu.

Ndeti alianza kukohoa mwaka wa tisini na nane. Akatibiwa kifua, kifua kikapona, mwili ukakataa kurudi. Siku moja akaenda hospitali Machakos peke yake, akarudi jioni na karatasi ameificha ndani ya soksi.

"Mama Mwelu," akaniambia, "wamenipata nayo."

"Na nini?" nikauliza, na nilijua.

Akamwita Mwelu, binti yetu, akamwambia amletee maji ya kuoga, na mambo yakaishia hapo kwa siku hiyo. Baadaye ndipo aliniambia alichopewa huko: ushauri. Ale mayai. Asiwaze sana. Asilale bila neti. Ukutani kulikuwa na picha ya fuvu la kichwa na maneno kwamba ugonjwa huu unaua, kana kwamba aliyekaa pale kwenye benchi alikuwa bado hajaambiwa. Alipouliza dawa, daktari akasema dawa ziko duniani, lakini za mwezi mmoja ni bei ya ng'ombe. Sisi tulikuwa na mbuzi watatu, na mmoja ni kilema.

Mimi sikupimwa. Kila Ndeti alipoanza, "Na wewe, Mama Mwelu, twende basi..." nilimkata kalima. Nilikuwa nabeba mtungi kutoka mtoni bila kupumzika, naumwa na nini mimi? Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: Ndeti awe hai siku dawa zitakapofika Machakos. Hayo mengine niliyafungia mlango.

Sasa nije kwa Heneriki. Huyu alikuwa Mzungu wa Denmaki aliyekuwa akija kila mwezi wa nane kununua vinyago. Kiswahili alikijua, muthokoi wetu wa mahindi na maharage alikula, na sahani alipenda kuosha mwenyewe, jambo lililomfanya Mwelu acheke hadi machozi. Mwaka wa tisini na tisa alikula kwetu. Tukiwa mezani, saa yake ya mkononi ikalia pii, pii, pii. Ilikuwa saa mbili usiku kamili. Akatoa kichupa mfukoni, akameza kidonge na maji ya kunawia, maana hakujua ni ya kunawia.

"Unaumwa, rafiki yangu?" Ndeti akamuuliza.

Heneriki akauangalia ule mkono uliokonda. "Kama wewe, Ndeti," akasema. "Huu ni mwaka wa tisa."

Mwaka wa tisa! Asi! Mimi nikamwangalia mashavu. Yalikuwa yamejaa, mekundu, mashavu ya mtu anayekula na chakula kikamjua. Nikamgeukia mume wangu, ambaye kwa mwaka mmoja tu alikuwa amebaki macho na masikio.

"Nani anakununulia?" Ndeti akauliza.

"Sinunui. Serikali ya kwetu inatoa. Ninameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku."

"Ukipoteza?"

"Wananipa nyingine."

Ndeti akacheka, akasema kumbe serikali inaweza. Mimi sikucheka. Mdudu ni yule yule, na alipokuwa akiingia hakumuuliza mtu rangi ya ngozi yake. Dawa ndiyo iliyouliza. Twiga za mume wangu zilipanda ndege mpaka Denmaki zikakaa kwenye madirisha ya watu, lakini kidonge kimoja hakikuweza kupanda ndege ile ile kikirudi. Nililiwaza hilo usiku kucha na nikamchukia Heneriki kwa ajili ya mashavu yake. Najua si haki. Nilimchukia hivyo hivyo.

Tukangoja. Tuliambiwa mipango iko, wakubwa wanakutana, wanazungumza bei. Ngojangoja huumiza matumbo, na mimi tumbo langu liliuma kwa miaka miwili. Halafu mwaka wa elfu mbili na moja, mwezi wa sita, tukiwa bandani, redio ya Bartholomew ikatangaza kwamba mkubwa mmoja wa ng'ambo amesema Waafrika hawawezi kupewa hizo dawa. Sababu? Eti hawajui saa. Wanajua jua kutoka na jua kutua, basi, na dawa hizi zinataka saa kamili.

Bartholomew, aliyekuwa mchongaji mkubwa baada ya Ndeti na mgonjwa baada ya Ndeti, akaizima redio kwa kuipiga kofi. Kwetu mgonjwa haulizwi uji. Kumbe kuna mahali mgonjwa anaulizwa saa!

Ndeti yeye akachukua kipande cha mpingo. Alikuwa hawezi tena kuchonga twiga, mikono ilitetemeka, lakini siku hiyo alikaa mpaka jioni. Akachonga saa ya mkononi. Ilikuwa na namba zote, na mishale miwili, mfupi kwenye nane na mrefu kwenye kumi na mbili, vile saa yoyote inavyoonyesha saa mbili. Akaitoboa, akaitia ukanda wa ngozi ya mbuzi, akaivaa.

"Haitembei hiyo," Bartholomew akamtania.

"Itembee iende wapi? Inasema ukweli mara mbili kwa siku, na mimi dawa yangu ni mara mbili kwa siku. Waambie huko ng'ambo Ndeti ana saa."

Banda zima likacheka, na mimi nikacheka nikilia. Nilitaka kuichukua nikaipige msasa ing'ae. Akauficha mkono nyuma. "Wewe mwanamke utanifuta mpaka lini? Hii iache na vidonda vyake."

Mwezi wa nane Heneriki akaja, akaiona ile saa, akauliza ni mtindo gani. Ndeti akamweleza. Heneriki akaanza kucheka, halafu uso ukamgeuka ukawa wa kijivu, akatoka akaenda kusimama nyuma ya gari lake. Aliporudi alikuwa na chupa nzima, haijafunguliwa. Vidonge sitini. Dawa ya mwezi mmoja.

"Chukua," akamwambia. "Mimi nikifika nyumbani nitasema nimepoteza. Nitakutumia nyingine kwa posta."

Ngai! Nilipiga magoti pale pale kwenye vibanzi. Nilihesabu mwezi mmoja, na posta ikileta mwezi wa pili, na wakubwa wakimaliza mikutano yao, Ndeti wangu anavuka. Usiku ule nililala kama mtoto mchanga.

Asubuhi nikaikuta chupa tupu.

Ndeti alikuwa ametoka alfajiri, ameenda bandani, ameviweka vidonge chini katikati na kuvigawa mafungu matano. Kumi na viwili, kumi na viwili, kama twiga! Yeye, Bartholomew, mzee Laban, Mutua wa Kivaa, wote wagonjwa wa banda letu. Nilimkuta amekaa kwenye gogo lake, ametulia kama mtu aliyemaliza oda.

"Baba Mwelu, umefanya nini?"

"Oda haili mtu mmoja."

"Hii si oda! Hii ni maisha yako, mjinga wewe! Ukarimu wako utamlea Mwelu?"

"Ningemeza vipi, Laban akiniangalia?"

Nikahesabu watu kwa vidole, nikapata wanne. "Wa tano ni nani?"

Hapo akayakwepa macho yangu. "Wa tano ni mtu wa kazini. Bado ana nguvu, lakini siku yake ikifika asikute chupa tupu. Nimemwekea."

Mtu wa kazini, ana nguvu, na jina halitajiki mbele ya mke. Ningemwaza nani mwingine? Kulikuwa na Mutindi, mjane kutoka Kithyoko aliyetuuzia chai bandani, mnene, mwenye meno meupe, ambaye kikombe cha Ndeti alikijaza mpaka kikamwagika. Niliona kila kitu kwa mara moja, hata ugonjwa ulipotoka. Nikaenda nikaipiga teke birika yake, chai yote ikamwagika. "Ulichukua mume, sasa umechukua na dawa yake!" Mutindi akabaki ameshika kikombe. Tangu siku hiyo sikumsalimia. Kanisani akikaa kushoto, mimi nilihamia kulia.

Sista wa hospitali aliposikia habari za mafungu alishika kichwa. Akatuambia vidonge vya siku sita havimsaidii mtu, tena vinamfundisha mdudu ujanja. Akasema wamegawa mpaka wakabaki na sufuri. Ndeti akamsikiliza kwa heshima, halafu akamuuliza: "Sista, na huko wanakotoa bila kuhesabu, waligawa vipi mpaka sisi tukabaki na sufuri?" Sista akaangalia karatasi zake.

Kila Ijumaa Ndeti alienda posta. Kwanza kwa miguu, baadaye kwa baiskeli ya Bartholomew, mwisho alinituma mimi. Barua ikaja moja. Heneriki aliandika kwamba kwao wamekataa dawa zitoke kwa posta, sheria hairuhusu, anajaribu njia nyingine. Nilimsomea Ndeti maneno hayo, na pale pa "sheria hairuhusu" nikaruka nikasoma "ziko njiani". Mpaka leo sijui kama alinijua. Aliniangalia tu, akasema basi Ijumaa uende mapema.

Alifariki mwezi wa kumi, mwaka wa elfu mbili na mbili. Mkono ulikuwa umekonda hata ile saa ya mbao haikai, na siku za mwisho sikuiona tena. Niliwaza amempa Mutindi. Nilimwosha mume wangu huku nina hasira hiyo moyoni, mnielewe, nikimwosha vidole kimoja kimoja na kumwuliza kwa nini.

Sanduku lake la vifaa sikulifungua. Bartholomew alitaka kuazima tezo nikamwambia atafute ya kwake. Laban akafa, Mutua akafa. Heneriki alikuja mwaka uliofuata, akalia kaburini, mashavu yake yale yale, na mimi nilimpa chai nikashindwa kumwangalia. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni na kusikiliza bandani wakigonga. Kila mchongaji ana mdundo wake wa kugonga, na wa Ndeti ulikuwa mapigo mawili ya haraka na moja la kusita. Nilisikiliza hilo la kusita. Halikuja.

Dawa zilifika Machakos mwaka wa elfu mbili na nne. Za bure, kwa watu wachache kwanza, halafu wengi. Miezi kumi na minane. Ndeti alizikosa kwa miezi kumi na minane.

Mimi mwenyewe nilianguka mwezi wa saba, kisimani, na mtungi. Nilipofumbua macho aliyenishika kichwa alikuwa Mutindi. Sikuwa na nguvu za kununa. Alinipakia gari, akanipeleka hospitali, akangoja mchana kutwa kwenye benchi. Nikapimwa. Ule mlango nilioufunga miaka sita ukafunguliwa na sista yule yule, taratibu.

"Dawa tunazo, Mama Mwelu," akasema. "Lakini lazima uwe na mtu wa kukukumbusha."

"Mimi niko," Mutindi akasema kutoka mlangoni, kabla sijameza mate.

"Na saa? Uko na saa nyumbani?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka sista akaogopa, halafu nikalia, na sikuweza kumweleza. Nilisema tu kwamba mume wangu alikuwa nayo.

Nilipofika nyumbani nilimtuma Mwelu anishushie sanduku la vifaa. Nilitaka kujua kama kweli aliitoa ile saa. Tezo ilikuwa juu, kutu imeanza. Chini yake patasi, chini ya patasi kitambaa, na ndani ya kitambaa saa ya mpingo, ukanda umekauka, mishale bado kwenye saa mbili. Ilikuwa imelazwa juu ya kifurushi kidogo. Nilikifungua. Kumi na viwili, vyote viko, vimebadilika rangi.

Vilikuwa vimefungwa kwa kipande cha msasa uliochakaa.

Mwelu akauliza, "Mama, ni nini hiyo? Nitupe?" Hakujua. Alikuwa hajafanya kazi bandani. Mimi nilikaa chini sakafuni na kile kipande mkononi. Fungu la mwisho. Mtu wa kazini. Bado ana nguvu, nimemwekea. Alijua ningekataa, alijua ningemrudishia yeye vyote kumi na viwili na kumlazimisha ameze, kwa hiyo akavificha na kuvumilia matusi yangu mwaka mzima, na hakunijibu hata mara moja. Ndeti, mkaidi wewe! Ungesema tu! Ungenitajia jina langu nikakupiga teke wewe badala ya birika ya watu!

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mutindi. Nikamwekea ule msasa kwenye kiganja. Alikuwa amekaa bandani miaka kumi akiuza chai, hakuhitaji maelezo.

"Ulidhani ni mimi," akasema.

"Nilidhani ni wewe."

"Birika yangu ilipinda mdomo." Akaibandika jikoni. "Chai unaitaka na tangawizi ama bila?"

Vile vidonge sista alivichukua, akasema vimekwisha muda. Mimi nameza vyangu vya hospitali, kila siku, saa mbili na saa mbili, na Mutindi hunipigia kelele kutoka kwake hata kama ameniona nikimeza. Nimenona kidogo. Nikijitazama kwenye kioo na kuyaona mashavu, huwa nayageuza.

Saa ya kutembea ninayo, Mwelu alininunulia. Lakini ninayovaa ni ile ya mpingo. Kila kitu alichochonga Ndeti katika maisha yetu nilikifuta kwa mikono hii, twiga na viboko na simba, vikaenda kwa watu vikiwa laini, na leo kwangu hakuna hata kimoja. Saa hii sijaipiga msasa. Usiku, nikishameza, napitisha kidole pale alipokata na kuhesabu, na alama za kisu chake ni arobaini na moja.